Kuku Iliyobeba Muguu Wangu

Mwaka ule ni ule watu wa kwetu walianza kula sambaza. Mbele ya hapo tulijua ndagala tu, zile kavu za kutoka Uvira, zenye chumvi na muchanga, na siku maman anapika ndagala jirani zote wanajua. Halafu ziwa letu wenyewe likaanza kutoa samaki wadogo wa kung'aa kama misumari mipya, na wamaman wakapita na mabeseni wakiita mulango kwa mulango. Wazee wa Kasha, mutaa wetu, walikataa. Walisema hiyo ni kula watoto wa samaki, tena samaki anakuangalia na macho yote mawili mpaka kwenye koo. Papa yangu alikula ya kwanza akiwa amefunga macho. Ukiniuliza nilivunjika muguu mwaka gani, sina namba ya kukupa. Masomo yangu yaliishia pale wenzangu walikuwa wanaanza kujifunza kugawanya. Ni mwaka wa sambaza. Ninyi wa rika langu mutahesabu wenyewe.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Mutoto wangu wa kike anafanya kazi kwenye biro, anaishi Nyalukemba katika nyumba yenye ngazi ndani, na mutoto wake Gloria ana miaka kumi. Huyo Gloria anasema Kifaransa kama anasoma habari kwenye redio. Nikimusikiliza, kifua kinanijaa mpaka vifungo vya blauzi vinalia. Papa yake alimununulia trotinete ya chuma, kile kigari cha kusimama juu na kusukuma na muguu, ya rangi ya bluu, na siku ya nne akaanguka nayo kwenye muteremuko, mufupa wa muguu ukapasuka. Wakamutia platre, ile plasta ngumu nyeupe. Nikaitwa kumutunza, maana wazazi wako kazini na mimi ndiye najua kukaa na mutoto aliyevunjika.

Trotinete yenyewe iliegemea ukuta wa baraza. Nilizungusha gurudumu lake, likalia kama panya. Basi nikaingia jikoni, nikachukua chupa ya mafuta ya mawese, nikatia matone kidogo pale katikati, nikazungusha tena.

"Mama! Hiyo ni ya kupikia!" mutoto wangu alipiga kelele, ndiyo kwanza anarudi kazini.

"Na hii nayo inapika," nilimujibu. Sikujua hata ninasema nini. Harufu ilikuwa imeshanipanda puani, na mimi sikuwa tena Nyalukemba, nilikuwa Kasha, nimelala kwenye mukeka karibu na mulango, na muguu wangu umefungwa vijiti.

Papa yangu alikuwa seremala. Alikwenda Goma na mashua kujenga nyumba ya mutu, akakaa kule musimu muzima, na aliporudi alikuja na kitu kimoja tu kichwani mwake: trotinete ya mbao ambayo watu wa kule wanaita chukudu. Ubao murefu wa kusimama, magurudumu mawili ya muti yaliyovikwa mupira wa gari, na mikono miwili mbele kama pembe za ng'ombe. Alichonga yake kwa majuma mawili nyuma ya nyumba, na hakutengenezea watoto. Alitengenezea maman.

Maman alikuwa mubebaji. Wanawake wa kwetu hawabebi kichwani kama wa mahali pengine. Wanabeba mugongoni, na kamba inapita kwenye paji la uso, shingo ndiyo inayovuta. Maman alibeba makopa, ile mihogo mikavu, magunia yanayomuzidi yeye mwenyewe, akishuka nayo kila siku mpaka sokoni. Kwenye paji lake kulikuwa mufereji. Kweli, mufereji, nikiwa mudogo nilitia kidole changu ndani na kilikaa vizuri. Nilidhani wamaman wote wanazaliwa nao.

"Huyu ndiye atabeba," papa alimuambia, akipiga ubao na mukono. "Weye utasukuma tu."

Maman alizunguka ile trotinete mara mbili, mikono kiunoni. "Mimi, mwanamuke muzima, nisimame juu ya hicho kitu? Batu batasema nini?"

"Hao batu njo babebaka makopa yako?"

"Apana. Lakini kinywa biko nacho."

Ndivyo trotinete ilivyokuwa yangu. Mimi ndiye nilikuwa mutoto wa kwanza, nguvu nilikuwa nazo, na haya sikuwa nayo. Asubuhi mbele ya masomo nilifunga gunia kwenye ubao, nikaweka muguu mumoja nyuma, nikasukuma na mwingine, halafu mulima ukanichukua. Mutu ambaye hajashuka mulima wa Bagira juu ya mbao mbili hajui upepo ni nini. Macho yalitoka machozi, meno yalikauka. Watoto walikimbia nyuma yangu wakipiga mbinja: "Dereva! Dereva wa Kasha!" Na chini yangu magurudumu yalipata moto, na mawese niliyopaka kwenye ekseli, ule muti wa katikati ya gurudumu, yakaanza kunuka, harufu ya chakula kinachokaribia. Niliipenda harufu ile kuliko ya chakula chenyewe.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza. Papa aliniambia nitie matone mawili. Mimi nilitia kijiko, nilitia viwili, ili harufu ije zaidi. Frein, ile breki ya trotinete, ilikuwa kipande cha mupira nyuma, unakikanyaga na kisigino, nacho kinabana gurudumu. Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha, na mawese yalikuwa yameteremuka kutoka ekseli mpaka kwenye mupira. Nilikanyaga. Hakuna kitu. Nilikanyaga tena, kisigino kikateleza kama kwenye sabuni. Nakumbuka mbuzi mumoja aliyeniangalia bila haraka. Halafu ukingo wa njia, halafu gunia lote juu ya muguu wangu.

Mwanamuke wa kwanza kufika alipiga kelele: "Makopa! Muokote makopa, banakanyaga!" Walikuwa wanaokota makopa wakati mumoja wao aliona muguu wangu umekunjwa pale ambapo muguu hauna goti. Ndipo wakaachilia makopa.

Hospitali zilikuwako. Lakini kwetu wakati ule mufupa uliovunjika haukupelekwa kwa daktari, walisema daktari anakata. Ulipelekwa kwa anayejua kufunga mifupa, na kwetu aliyejua ni koko M'Lushombo, muzee mwanamuke mwembamba mwenye vidole vigumu kama kuni. Alikuja na vijiti vya mianzi, kamba za mugomba, na majani aliyoyatafuna yeye mwenyewe. Alivuta muguu wangu huku papa ameshika mabega. Sitaeleza hiyo. Kisha akasema: "Lete kuku."

Maman alileta kuku yake nyekundu, yenye alikuwa anaifuga tangu ingali kifaranga. Kuku ile nilikuwa naijua sana, maana mimi ndiye niliikata kidole. Nilikuwa nalima karibu na nyumba, ikaja kufuata minyoo, jembe likashuka, na kidole cha katikati cha muguu wa kushoto kikabaki kwenye udongo. Koko M'Lushombo aliishika, akatafuta muguu wa kuume, na akauvunja mbele yangu kama mutu anavunja kijiti cha kuwashia moto. Kuku ililia mara moja. Halafu akaifunga vijiti vidogo, kamba ileile, majani yaleyale kutoka kinywa kilekile.

"Sasa muko bawili," aliniambia. "Mufupa yake ikishikana, yako imeshikana. Siku yenye itatembea, weye nawe utatembea."

"Na kama ikikufa?"

Alinipiga kwenye mudomo, si kwa nguvu. "Funga kinywa yako. Haikufake." Lakini aliposema hivyo hakuniangalia mimi. Aliangalia maman.

Niliilisha kuku ile vichwa vya sambaza. Sisi tulikuwa tunakula mwili na kumuachia yeye macho. Walikuwa wanaifunga kwa kamba kwenye muguu wa kitanda cha papa, karibu na mukeka wangu, na siku nzima tulikuwa tunaangaliana, yeye na mimi, kila mumoja na vijiti vyake. Niliita jina lake Ndugu. Nilimuambia siri zote. Nilimuambia: Ndugu, pona upesi, kule inje mulima unateremuka bila sisi. Trotinete ilikuwa imeegemea ukuta ndani ya nyumba, papa aliisafisha, akafunga mupira mupya. Nilikuwa naweza kufikia gurudumu la mbele kwa mukono. Nililizungusha usiku na muchana mpaka maman akasema nitamutia kichaa. Nikinusa vidole vyangu, harufu ilikuwa bado iko.

Hakuna kitu nilitaka zaidi. Watu wanadhani mutoto mugonjwa anataka kupona. Mimi kupona sikukujali hata kidogo. Nilitaka kupanda tena.

Papa alielewa. "Utapanda," alisema. "Siku koko atafungua." Maman yeye alirudia kamba yake kwenye paji, gunia mugongoni, na aliporudi alinitazama kwanza mimi, kisha kuku, kisha akakaa chini.

Asubuhi moja niliamuka kuku haiko. Kamba ilikuwa imebaki peke yake kwenye muguu wa kitanda.

"Maman, Ndugu iko wapi?"

"Nilimupeleka kwa koko M'Lushombo aangalie vijiti." Alikuwa amenigeuzia mugongo, anapepeta unga ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Jioni aliileta tena, imefungwa vijiti vyake, akaifunga mahali pake. Ilikuwa imenenepa kidogo. Ilikuwa na haya, nilimupa kichwa cha sambaza akakikimbia kama mugeni anayeogopa sahani. Nilisema moyoni, dawa mupya imemulevya. Halafu nikaona muguu wa kushoto.

"Maman! Maman, kidole imerudi!"

Muiko ulisimama ndani ya bugali. "Kidole gani?"

"Ile nilikata na jembe! Angalia, iko na vidole yote!"

Hakugeuka kuangalia. Mvuke ulimupanda usoni na yeye hakuukwepa. Mwisho alisema: "Dawa ya koko iko nguvu." Muiko ukaanza kuzunguka tena.

Mutoto anajua kuhesabu vidole, lakini mambo ya kuku hayajui. Mimi nilifurahi mpaka nikalia. Kama dawa ile ilikuwa inaotesha kidole kilichobaki kwenye udongo mwaka muzima, muguu wangu ni nini? Jumapili ile maman alikwenda misa na kikwembe, kile kitenge cha kupikia. Nilimuuliza kile kizuri, chenye maua ya manjano, kiko wapi. Alisema kimefuliwa, hakijakauka. Majuma mawili nyuma yake nilikiona kupitia mulango: kilipita njiani juu ya jirani yetu, yule aliyekuwa na kuku wengi kuliko watu wote wa Kasha. Nilisema, maman yangu ana roho nzuri, anaazima watu nguo.

Siku moja, sitaisahau, papa alikuwa kazini na maman sokoni. Nilivuta kuku karibu, nikafungua vijiti vyake kimoja kimoja. Nilikuwa naogopa kuona mufupa. Kuku ilisimama. Ilijipiga mabawa, ikatembea, ikakimbia, ikatoka inje kwa mulango, kuchechemea wapi! Ikikimbia tu, miguu miwili mizima, kama haijawahi kuvunjika.

Basi nami nikafungua vyangu.

Muguu uliotoka ndani ulikuwa mweupe na mwembamba, na manyoya yake yamelala. Ulitetemeka kidogo. Nilisema ni kwa sababu umekaa sana. Nilishika ukuta, nikashika trotinete, nikaisukuma mpaka inje, na pale juu ya mulima niliweka muguu ule juu ya ubao na kusukuma na muzima. Upepo ulikuja. Nataka mujue hiyo: upepo ulikuja, na harufu ikaja, na kwa muda wa nyumba kumi, labda kumi na mbili, nilikuwa Dereva wa Kasha. Muguu ulijikunja wenyewe, polepole, kama muhogo uliopikwa.

Koko M'Lushombo alikuja mara ya pili. Alinipita kwanza, akasimama kwenye kiwanja, akaangalia kuku inayochokora takataka. Aliinama akaishika, akageuza miguu yake, ule wa kuume, halafu ule wa kushoto. Akaiachilia. Alimuita maman nyuma ya nyumba. Nilisikia sauti ya muzee tu, ya chini, ya maman sikuisikia. Aliporudi alinifunga vijiti, lakini hakutafuna majani mengi na hakuomba kuku.

"Koko, na kuku yangu?"

"Mufupa yenye imekwisha kudanganywa, mwana wani, haisikie tena," alisema.

Nikajua ni mimi niliyeudanganya mufupa wangu, kwa kufungua mbele ya siku. Nilibeba neno lile miaka mingi. Mufupa ulishikana namna ulivyotaka, upande, na mufupi. Masomo yalikuwa kwenye mulima mwingine. Mwaka ule ulipita nikiwa chini, na mwaka uliofuata watoto wa nyuma yangu walikuwa wamenipita, na mimi niliona haya kukaa benchi moja na wadogo. Papa alisema ningojee. Nilingojea mpaka nikakua.

Trotinete, maman aliikata na shoka. Papa alisimama kwenye mulango akiangalia. Maman alipika maharagwe nayo, ubao, mikono, magurudumu, na maharagwe yale yalichukua siku nzima kwa sababu muti ulikuwa mugumu, na ulipoungua ulitoa mawese yote niliyoyamwaga. Nyumba nzima ilinuka furaha yangu. Tulikula. Nilikula nami, nilikuwa na njaa.

Siku niliposimama na fimbo, papa alichinja ile kuku. Alisema tusiifuge tena, imemaliza kazi yake. Maman aliipika vizuri sana, na alipogawa hakujiwekea. Mbele ya hapo maman yangu alikuwa anavunja mifupa ya kuku na meno na kunyonya ndani.

"Na weye?" papa aliuliza.

"Mimi kuku sikulake. Mupatie Nabintu."

"Tangu lini?"

Nabintu ni mimi. Nilipewa paja lake na nikalikula, na niliona amesimama akatoka inje mbele sijamaliza. Wajirani waliposikia walicheka, wakasema Mama Nabintu amerudia desturi ya wakoko, maana zamani huku kwetu mwanamuke hakugusa kuku, kuku ilikuwa ya wanaume. Mimi nilisoma tofauti. Watoto walikuwa wameshanipa jina, "Muguu ya Kuku". Walilia nyuma yangu njiani: "Muguu ya Kuku, taga yayi!" Na kila maman aliposikia jina lile aliingia ndani na kufunga mulango. Kila sahani ya kuku ilipokuja aliondoka. Muguu wangu hakuuangalia tena hata mara moja. Alinifulia, alinisuka, alinipa chakula, na macho yake yaliishia kwenye goti. Nikaelewa kama mutoto anavyoelewa: maman yangu anaona haya kwa ajili yangu. Siwezi hata kukaa karibu naye na kuku bila kumutia kichefuchefu.

Hivyo nilikua na roho ngumu. Nilisema, kama wananionea haya, nitawaonyesha. Nilipata bwana, na si kwa huruma, alinitafuta yeye. Nilizaa sita, wote wamesoma, wa mwisho wako chuo kikuu. Niliuza sokoni nikiwa nimekaa, na sauti yangu ilitembea kwa ajili ya miguu. Maman nilimuheshimu. Kumupenda nilimupendea mbali.

Halafu Noeli moja, na watoto wangu watatu wa kwanza wakiwa bado wadogo, nilikuwa nasafisha kuku. Nilikuwa na miguu yake mikononi, nachuna ile ngozi ya manjano kwenye maji ya moto, na kuku ile ilikuwa imekatika kidole, zamani, kidonda kimeshafunga na kuwa laini kama kifundo cha muti. Nilikitazama. Mutoto wangu aliuliza: "Maman, kidole yake itaotaka tena?"

"Kidole ya kuku haiotake, mujinga weye," nilimuambia.

Nikakaa na miguu ile mpaka maji yakapoa.

Kuku mbili. Ya kwanza ilikufa, sijui ilikufa namna gani, labda muguu ulioza, labda munyama aliingia. Maman aliikuta asubuhi imekufa kando ya mutoto wake aliyelala, mutoto aliyeambiwa kuku ikitembea utatembea, na ambaye aliuliza ikikufa je. Alifikiri nini asubuhi ile? Alitoa kikwembe chake cha misa. Alifunga vijiti kwenye muguu muzima. Alifanya hivyo nisiogope. Na mimi nikafungua vijiti, nikaona kuku inakimbia.

Mungefikiri nilikimbia kwake kumukumbatia. Hapana. Nilikasirika. Niliangalia muguu wangu, niliangalia masomo yangu, nikasema: kumbe ni weye. Na kwa kuwa mimi siko mutu wa kugombana na muzazi, nilifanya kitu kibaya zaidi. Kila Noeli nilimupelekea kuku. Nilimupikia mimi mwenyewe, nikaweka sahani mbele yake, nikakaa kungojea. Nilitaka aseme. Na kila Noeli alisukuma sahani polepole na vidole viwili na kusema kwamba yeye kuku hakulake, na mimi nilichukua sahani na kuikula mbele yake mpaka mufupa. Miaka mingi tulifanya hivyo, yeye na mimi. Wengine walidhani ni muchezo wetu.

Gloria, juzi, na platre yake juu ya mito, aliniuliza: "Koko, weye ulipandaka tena?"

"Nilipanda. Njo maana natembea hivi."

"Daktari alikuruhusu?"

"Kuku ndiyo iliniruhusu."

Alicheka mpaka platre ikagonga kitanda. Nikamuambia: weye daktari wako ataangalia mufupa wako mwenyewe kwenye picha, si mufupa wa mwingine, na siku atasema ndiyo, mimi mwenyewe nitashika nyuma ya trotinete mpaka utaniambia niachilie. Mama yake alinikazia macho. Nami nilimukazia. Halafu Gloria akauliza tena, maana ni mutoto wa kuuliza: "Na maman yako, alisema nini?"

Sikumujibu. Nawajibu ninyi.

Maman alipozeeka sana alirudi kwao, upande wa Katana, na huko alipougua walimulaza katika hospitali ya mapadri. Nilipopata habari nilipika muchuzi wa kuku, muchuzi tu, nikautia kwenye termosi, na kwa kuwa hakuna gari lililokuwa tayari nilipanda moto, ile pikipiki ya kukodi. Dereva aliniambia, "Maman, shika nguvu, muguu uweke huku." Tangu ile siku ya nyumba kumi na mbili sikuwa nimepanda kitu cha magurudumu mawili. Upepo ulikuja. Sikuwa na nafasi ya kuufurahia.

Tulikuwa peke yetu. Alikuwa amebaki mudogo, mwepesi, na ule mufereji kwenye paji lake ulikuwa bado uko, ndiyo kitu pekee kwake ambacho hakikupunguka. Nilitia kidole changu ndani. Hakikutosha tena, kidole changu kimekuwa kikubwa. Nilimimina muchuzi kwenye kikombe. Safari hii sikumuletea kumujaribu, Mungu ni shahidi wangu.

"Maman," nilimuambia, "kunywa. Najua. Ile kuku ya pili ilikuwa na vidole yote. Nilijua zamani. Ilikwisha, maman. Kunywa."

Aliniangalia usoni. Kisha macho yake yaliteremuka, yalipita goti, goti ambalo hayakulipita tangu utoto wangu, yakafika kwenye muguu, yakakaa pale. Yalikaa sana. Midomo yake ilitembea bila sauti, na mimi niliinama ili nisikose neno, maana niliona kwamba sasa litakuja, lile ambalo nililingojea kila Noeli. Akainua mukono, vidole viwili, akasukuma kikombe polepole kunirudishia.

"Mimi kuku sikulake," alisema. "Mupatie Nabintu."